Kabati la nje la vifaa vya mawasiliano

Kabati la nje la vifaa vya mawasiliano (pia: kabineti ya nje) ni sanduku kubwa la chuma, alumini au plastiki ngumu linalowekwa nje ya jengo ili kuhifadhi mitambo ya simu, intaneti au redio pamoja na betri na nyaya zake. Huikinga mitambo hiyo dhidi ya mvua, jua, vumbi, wadudu, radi na wezi. Papo hapo hutakiwa kuondoa joto linalozalishwa na mitambo yenyewe.

Mahitaji hayo hupingana. Kabati lililozibwa kabisa halipitishi maji wala vumbi, lakini joto hubaki ndani. Kabati lenye matundu hupoa, lakini huingiza vumbi, unyevu na wadudu. Sehemu kubwa ya usanifu wa makabati haya ni kutafuta njia ya kupatanisha mambo hayo mawili, na jibu hutegemea hali ya hewa na shughuli za mahali kabati litakaposimama. Mifano katika makala hii imetolewa hasa katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania.

## Matumizi

Makabati ya nje huonekana zaidi katika sehemu hizi:

- chini ya minara ya simu za mkononi, yakiwa na mitambo ya redio, rektifaya na betri;
- kando ya barabara za miji, ambako nyaya kubwa za shaba au za faiba hugawanywa kwenda kwa wateja;
- kwenye njia za reli, mabomba ya mafuta na gesi, na vituo vya kupima hali ya hewa;
- kwenye njia za mkongo wa mawasiliano, palipo na vituo vya kuongeza nguvu au kugawa mawimbi.

Vijijini umuhimu wake ni mkubwa kuliko ukubwa wake. Katika kata ya wakulima kama Nambambo, wilayani Nachingwea, mtu hutumia simu ileile kupokea fedha, kuulizia bei ya korosho na ufuta, na kuita usafiri wa kumpeleka mgonjwa hospitali. Mnara mmoja huweza kuhudumia vijiji kadhaa. Maji yakiingia ndani ya kabati la mnara huo, au betri zikifa kwa joto, huduma zote hizo hukatika kwa pamoja.

## Historia

Makabati ya kwanza ya mawasiliano yalihusu simu za waya. Kebo nene ilitoka kituo cha simu hadi kwenye kabati la mtaani. Humo jozi za nyaya ziligawanywa na kupelekwa kwenye nguzo, na kutoka nguzoni waya mmoja ulikwenda kwa kila mteja. Kabati la aina hiyo halikuwa na mtambo wa umeme ndani, kwa hiyo halikuwa na tatizo la joto. Adui wake mkuu alikuwa maji, ambayo huozesha viungo vya shaba na kuleta kelele katika simu.

Afrika Mashariki mfumo huo uliendeshwa na shirika la pamoja la posta na simu hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Tanzania ikaunda shirika lake, ambalo baadaye liligawanywa. Huduma za simu zikawa chini ya kampuni ya TTCL kuanzia mwaka 1994. Tangu 2018 TTCL ni Shirika la Mawasiliano Tanzania.

Simu za mkononi zilibadilisha hali. Mobitel ilianza mwaka 1994 na Vodacom Tanzania mwaka 2000. Mitambo ya minara ya awali ilikuwa mikubwa na iliwekwa ndani ya vibanda vyenye viyoyozi, vilivyotumia umeme au dizeli nyingi. Kadiri mitambo ilivyopungua ukubwa na kuweza kuvumilia joto zaidi, kibanda kilibadilishwa na kabati. Sehemu ya redio yenyewe mara nyingi hupandishwa juu ya mnara karibu na antena, na kabati la chini hubaki na umeme, betri na vifaa vya kusafirisha data.

Mabadiliko hayo yalipunguza gharama za kupeleka minara vijijini. Nchini Tanzania kazi hiyo husaidiwa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kufikisha huduma mahali ambapo biashara pekee haivutii kampuni za simu. Mwezi Mei 2023 mfuko huo na kampuni za simu walitiliana saini mikataba ya kujenga minara 758 katika mikoa mbalimbali.

## Mazingira ya Nachingwea na Ruangwa

Wilaya hizi ziko bara, kiasi cha kilomita 100 kutoka Bahari ya Hindi. Zina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi kirefu. Mazingira hayo yana mambo kadhaa yanayogusa makabati.

Jua na mvua ya ghafla. Kabla na mwanzoni mwa masika jua huwa kali. Kabati lililopata moto mchana kutwa huweza kumwagiwa mvua kubwa kwa dakika chache.

Vumbi. Barabara nyingi ni za udongo. Wakati wa kiangazi kila gari linalopita huinua vumbi jembamba linaloziba vichujio vya feni.

Salfa ya mikorosho. Wakulima hupulizia unga wa salfa kwenye mikorosho ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, hasa katika miezi ya maua kati ya Juni na Septemba. Unga huo hupeperushwa na upepo. Salfa ikigusa shaba au fedha hutengeneza tabaka jeusi la salfaidi ambalo hupunguza upitishaji wa umeme katika viungo. Kabati linalovuta hewa ya nje moja kwa moja, likiwa katikati ya mashamba ya korosho, huvuta pia unga huo.

Kinywe. Wilaya ya Ruangwa ina amana za madini ya kinywe. Vumbi la kinywe ni tofauti na vumbi la kawaida kwa sababu hupitisha umeme. Likitanda juu ya bodi ya kielektroniki huweza kusababisha shoti.

Moto wa nyika. Nyasi huchomwa kiangazi, na kabati lisilofyekewa pembeni huweza kuungua nyaya na mipira yake.

Umbali. Fundi huweza kuchelewa kufika. Mwezi Mei 2024 mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliharibu barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi na kukata usafiri. Kabati la sehemu kama hizi linapaswa kujitegemea kwa muda mrefu kuliko la mjini.

Pwani, katika miji ya Lindi, Kilwa na Mtwara, tatizo kuu ni jingine: chumvi ya hewa ya bahari, ambayo huharakisha kutu. Kwa hiyo kabati linalofaa Lindi mjini si lazima lifae Nambambo, na la Nambambo si lazima lifae Lindi mjini.

## Sehemu za kabati

### Mwili

Mabati ya chuma yaliyopakwa zinki na kisha rangi ya unga iliyookwa ndiyo hutumika zaidi kwa sababu ni imara na ya bei nafuu. Zinki hulinda chuma hata rangi ikikwaruzwa kidogo. Alumini ni nyepesi na haishiki kutu kama chuma, lakini ni ghali zaidi. Chuma cha pua hufaa pwani, hasa aina ya 316 ambayo huhimili chumvi kuliko aina ya 304. Plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo haishiki kutu, ila haitoi joto nje kwa urahisi.

Rangi nyeupe au kijivu cha mwanga hupendelewa kwa sababu huakisi jua. Makabati bora huwa na kuta za tabaka mbili zenye nafasi ya hewa katikati. Jua hupasha ukuta wa nje, na hewa ya katikati hupanda juu na kutoka kabla joto halijafika ndani.

### Paa

Paa huwa na mteremko ili maji yasituame, na hujitokeza nje ya kuta ili matone yasiteremke kwenye mlango. Mara nyingi paa huwa na tabaka mbili kwa sababu ndilo hupigwa na jua la mchana.

### Milango na mipira ya kuziba

Mlango huzungukwa na mpira laini wa kuziba, yaani gasketi. Mpira wa aina ya EPDM huvumilia jua na hewa kuliko mpira wa kawaida. Kufuli lenye ncha tatu (juu, kati na chini) hubana mlango sawasawa. Kufuli la ncha moja huacha pembe za mlango zikiwa wazi kidogo, na hapo ndipo maji hupita.

### Fremu ya ndani

Mitambo hufungwa kwenye fremu yenye upana wa inchi 19, yaani milimita 482.6. Kimo hupimwa kwa kizio kiitwacho U, ambacho ni milimita 44.45. Kwa sababu ya vipimo hivi, mtambo wa kampuni moja huweza kuingia katika kabati la kampuni nyingine.

### Msingi na njia za nyaya

Kabati husimama juu ya msingi wa zege ulioinuka kuliko maji ya mvua yanapofika. Nyaya huingia kwa chini kupitia glandi, ambazo ni vifuniko vyenye mpira unaoubana waya pande zote. Kabla ya kuingia, waya hupindwa kuelekea chini ili maji yanayouteremkia yadondoke nje. Tundu lolote lisilotumika huzibwa.

## Viwango vya kinga

Uwezo wa kabati kuzuia vumbi na maji huelezwa kwa alama ya IP iliyowekwa na kiwango cha kimataifa IEC 60529. Tarakimu ya kwanza huhusu vumbi na vitu vigumu, ya pili huhusu maji.

| Alama | Vumbi | Maji |
|---|---|---|
| IP54 | Huingia kidogo bila kudhuru | Huzuia maji yanayorushwa pande zote |
| IP55 | Huingia kidogo bila kudhuru | Huzuia maji ya bomba, lita 12.5 kwa dakika |
| IP65 | Haliingii kabisa | Huzuia maji ya bomba, lita 12.5 kwa dakika |
| IP66 | Haliingii kabisa | Huzuia maji ya nguvu, lita 100 kwa dakika |

Kiwango kingine, IEC 62262, hutumia alama ya IK kupima uwezo wa kuhimili kugongwa. IK10 ni pigo la jouli 20. Nchini Marekani hutumika pia viwango vya NEMA, na kwa makabati ya mawasiliano hasa, kiwango cha Telcordia GR-487.

Alama ya IP haisemi kila kitu. Kipimo hufanywa kwa kabati jipya na kwa muda mfupi. Hakipimi kutu, kuzeeka kwa mpira juani, wala unyevu unaoganda ndani. Kabati la IP65 lililotobolewa tundu moja na fundi bila glandi si la IP65 tena.

### Kwa nini kabati lililozibwa hunyonya maji

Hewa ikipoa hupungua shinikizo. Tuseme hewa ndani ya kabati lililozibwa ina nyuzi joto 55 za selsiasi, kisha mvua inaishusha hadi nyuzi 30. Kwa kipimo cha kelvini hiyo ni kutoka 328 hadi 303, upungufu wa karibu asilimia 7.6. Kama hewa haina pa kupita, shinikizo la ndani hushuka kwa kiasi hichohicho, sawa na uzito wa safu ya maji yenye kimo cha sentimita 78 hivi. Nguvu hiyo huvuta maji yaliyo juu ya gasketi na kuyapitisha katika ufa mdogo usioonekana kwa macho.

Ndiyo maana makabati yaliyozibwa huwekewa kipumulio, tundu dogo lenye utando unaopitisha hewa lakini hauruhusu maji. Shinikizo la ndani na la nje hulingana bila maji kuvutwa. Kuongeza silikoni kila mahali pasipo kuweka kipumulio hakuondoi tatizo. Maji hutafuta mahali dhaifu palipobaki.

## Joto

Joto ndani ya kabati hutoka sehemu mbili: umeme unaotumiwa na mitambo, ambao karibu wote hugeuka joto, na jua. Jua la mchana huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba inayolielekea. Uso mweusi humeza sehemu kubwa ya nguvu hiyo, na uso mweupe humeza kidogo.

Kwa kabati la chuma lililozibwa, lisilo na kifaa cha kupoza, hesabu rahisi ni hii:

*ongezeko la joto = nguvu ya mitambo ÷ (5.5 × eneo la kuta)*

Namba 5.5 ni wati zinazopita katika mita moja ya mraba ya ukuta wa bati lililopakwa rangi kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Kama mitambo inatumia wati 500 na kuta zina mita za mraba 5, ongezeko ni 500 ÷ 27.5, yaani nyuzi 18 hivi. Siku ambayo nje kuna nyuzi 34, ndani kutakuwa na nyuzi 52 hata kabla ya kuhesabu jua.

### Njia za kupoza

| Njia | Faida | Hasara |
|---|---|---|
| Kuta pekee | Haina kinachoharibika | Hufaa mitambo midogo tu |
| Feni na kichujio | Nafuu, hutumia umeme kidogo | Huingiza hewa ya nje. Kichujio huziba |
| Kibadilisha joto | Hewa ya nje haichanganyiki na ya ndani | Ndani hubaki na joto zaidi ya nje |
| Kiyoyozi | Huweza kushusha joto chini ya la nje | Hutumia umeme mwingi. Huhitaji matunzo |

Kwa feni, kiasi cha hewa kinachohitajika ni takriban mita za ujazo 3.1 kwa saa, kuzidishwa kwa wati, kisha kugawanywa kwa nyuzi zinazokubalika kuongezeka. Mitambo ya wati 500 yenye ruhusa ya nyuzi 10 huhitaji mita za ujazo 155 kwa saa. Kiasi hicho ni cha kichujio kisafi. Kikiziba kwa vumbi, hewa hupungua na joto hupanda, ingawa feni husikika ikizunguka kama kawaida.

Katika kibadilisha joto, hewa ya ndani na ya nje hupita pande mbili za bamba jembamba. Joto huvuka, hewa haivuki. Kwa sehemu zenye salfa, kinywe au chumvi, njia hii ina faida ya wazi juu ya feni yenye kichujio.

### Betri

Betri za risasi na asidi ndizo huumia zaidi kwa joto. Kanuni inayotumika ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya nyuzi 25 hupunguza maisha ya betri kwa nusu. Betri ya miaka 10 hudumu miaka 5 katika nyuzi 35, na miaka miwili na nusu katika nyuzi 45. Kwa sababu hiyo makabati mengi huwa na chumba cha betri kilichotengwa na mitambo yenye joto, na chenye kupozwa peke yake.

Chumba hicho hakizibwi kabisa. Betri za risasi zikichajiwa kupita kiasi hutoa gesi ya hidrojeni, ambayo huweza kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa. Betri za lithiamu na fosfati ya chuma huvumilia joto vizuri zaidi na ni nyepesi, lakini bei yake ya kuanzia ni kubwa.

## Umeme, radi na waya wa ardhi

Mitambo mingi ya mawasiliano hutumia mkondo mnyoofu wa volti 48, ambapo upande chanya ndio huunganishwa na ardhi. Desturi hii ilitoka kwenye simu za waya, kwa kuwa hupunguza kuliwa kwa shaba iliyo katika unyevu. Rektifaya hubadilisha umeme wa gridi wa volti 230, na pasipo gridi hutumika sola au jenereta.

Ukubwa wa betri hukadiriwa kwa saa zinazotakiwa. Mzigo wa wati 500 huchota karibu ampea 10.4. Kwa saa 8 hizo ni ampea-saa 83. Kama betri haitakiwi kushuka zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, huhitajika ampea-saa 105 hivi.

Radi hufika kwa kupiga mnara au kwa kupitia nyaya za umeme. Vifaa vya kukata volti za ghafla huwekwa pale waya unapoingia kabatini, na kabati, mnara na mitambo huunganishwa kwenye mfumo mmoja wa ardhi. Mara nyingi lengo ni ukinzani usiozidi omu 10, na mara nyingine 5. Udongo wa kichanga ukikauka hupitisha umeme vibaya. Kipimo kilichofanywa wakati wa masika kinaweza kuonyesha hali nzuri ambayo haipo mwezi Oktoba, kwa hiyo inafaa kupima wakati wa kiangazi.

## Wadudu, wanyama na wizi

Kabati lina joto, giza na ukavu, hali zinazopendwa na viumbe wengi. Nyuki na nyigu hujenga ndani ya matundu, sisimizi na mijusi hujipitisha kwenye viungo vya umeme, panya hutafuna nyaya, na mchwa huleta udongo wenye unyevu. Nyoka hufuata panya na mijusi. Wavu wa chuma wenye matundu madogo kwenye kila njia ya hewa, pamoja na kuziba njia za nyaya, huzuia wengi wao.

Wezi hulenga betri, nyaya za shaba na dizeli. Kinga za kawaida ni bawaba zilizofichwa, kufuli imara, uzio, na vihisio vinavyotuma taarifa mlango ukifunguliwa, joto likipanda au umeme ukikatika. Kwa mnara wa kijijini, mlinzi na majirani wanaofahamu faida ya mnara huo ni kinga ya maana pia.

## Matunzo

Kwa wilaya zenye msimu mmoja wa mvua, ratiba inayofaa hufuata msimu:

- Mei na Juni, baada ya mvua: kukagua kutu na dalili za maji, kufyeka nyasi na kuacha nafasi tupu kuzunguka kabati.
- Juni hadi Septemba, wakati wa kupulizia mikorosho: kubadilisha vichujio mara kwa mara na kuangalia viungo vya shaba vilivyoanza kuwa vyeusi.
- Oktoba, kabla ya mvua: kupima ardhi na betri, kusafisha mifereji, kubadilisha gasketi zilizokakamaa.
- Wakati wa mvua: kukagua kipumulio, glandi na msingi baada ya mvua kubwa.

Gasketi hupimwa kwa kufungia kipande cha karatasi mlangoni. Karatasi ikichomoka bila kushikwa, mpira umechoka mahali hapo. Gharama ya gasketi, kichujio na glandi ni ndogo sana ikilinganishwa na mitambo iliyomo. Hata hivyo vitu hivyo vidogo, vikisahauliwa kwa msimu mmoja, vinatosha kuzima mawasiliano ya kata nzima.